Alama ya Tatu kwenye Donge

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo huko? Kifua kimepona? Mimi namshukuru Mungu.

Tangu tumzike mama, najaribu kuoka mikate yake ya siagi, ile ya matabaka. Wa kwanza ulivuja siagi oveni nzima, ungenicheka. Kila nikikunja donge la unga nabonyeza alama kwa kidole, kama alivyotufundisha, nisipoteze hesabu. Jana nilikunja mara mbili, nikaliweka kwenye friji, nikaenda kusali. Kurudi, alama ni tatu. Ya tatu ni ya gumba, na aliyetumia gumba ni mama peke yake.

Nikasema, “Mama, pumzika, nitamalizia.” Lakini sijamalizia. Nikilioka, alama itafutika.

Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako