Milango ya Mtaa wa Chini

3 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila wodi imejaa wagonjwa na miguu inawaka moto. Simu hupokei ukiona namba yangu, kwa hiyo barua nimempa dereva wa lori la mbao. Yeye huwezi kumfukuza.

Redio imesema mto utavunja kingo kabla ya Jumapili na mtaa wa chini wote uhame. Baba, hama. Chukua dawa, hati ya nyumba na blanketi, upande shuleni mlimani. Ugomvi wetu tutaumalizia huko juu, pakavu.

Mwanao

5 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko hiyo redio yako.

Leo sihami. Mafuriko yale ya zamani, wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako, nyumba zilizofungwa zilisukumwa zikaanguka. Zilizoachwa wazi, maji yalipita yakaenda zake. Sasa mtaa mzima unataka niwang'olee milango. Niliipachika mimi, nani mwingine ataijua? Jana niling'oa kumi na mmoja. Kila mmoja nauandika jina la mwenyewe kwa penseli, dereva anaupandisha shuleni. Mwenye duka amedai risiti, eti nisije nikamuuzia mtu!

Wa kwetu utakuwa wa mwisho.

Baba yako

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kazini sijiwezi, nimemwekea mgonjwa dripu huku nasikiliza redio. Acha hiyo milango. Mbao zinanunuliwa, baba hanunuliwi. Naogopa, nakwambia wazi.

Mwanao

7 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Maji yamefika kizingitini. Asubuhi nimeng'oa mlango wetu, na kile kitasa nilichokibadilisha wiki ya msiba wa mama yako. Ulikuja na begi, ufunguo wako ukakataa. Nilikuwa ndani. Nilikusikia ukipiga hodi mara tatu, nikakaa kwenye kiti kwa sababu ulikwenda kazi ya mbali ukaniachia mama yako mgonjwa. Hasira hasara, na hasara hiyo nimeila miaka sita. Nisamehe, mama.

Lori linaondoka saa nane, nami nitakuwemo. Umebaki mlango mmoja tu, wa bibi jirani. Mbao zimevimba, haufunguki, naye yumo ndani. Nampa dereva barua hii sasa hivi ili mikono yangu iwe mitupu.

Baba yako

19 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo. Niko nyumbani siku ya tisa leo. Dereva anasema alikungoja mpaka maji yakagusa injini. Bibi jirani ni mzima. Anasema uliupasua mlango kwa shoka, ukampandisha darini kwanza, na ulipotaka kupanda wewe, ngazi ikachukuliwa na maji. Tumekutafuta kingo zote mbili za mto. Kesho tunaanza tena.

Nyumba imesimama. Maji yalipita yakaenda zake, kama ulivyosema. Kule shuleni kila mtu amechukua mlango wake, hata mwenye duka, na hakuuliza risiti, alilia. Wa kwetu nimeuleta, nimeuegemeza ukutani. Vijana wako wa karakana walikuja na bawaba waupachike, nikawakatalia.

Nilikusamehe zamani, Baba. Nilikuwa nangoja ufungue tu.

Barua hii naigongomea kwenye fremu, uione kabla hujaingia. Nimo ndani. Ukifika, usipige hodi.

Mwanao