Ule Haukuwa Unene

Hospitali, Kitale

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Baba. Barua uliyomwandikisha mwalimu hapo Myanga imenifikia, nami nimeisoma mara tatu. Je, mgongo wa Baba unaendeleaje? Mvua imetosha kupanda maharagwe? Mimi ni mzima. Kazi ya wodi ya watoto ni ile ile, kuosha, kulisha na kubeba.

Nataka nikueleze habari ya mtoto mmoja, na tafadhali mwalimu akusomee polepole.

Mwezi uliopita alikuja mama anayeitwa Chepkemei. Mume wake ni kibarua kwenye shamba la mzungu upande wa Suam. Alimbeba binti yake Cheptoo, wa miaka miwili hivi. Uso ulikuwa wa duara, miguu imejaa, nywele zimekuwa nyekundu nyekundu na ngozi ya mapaja inabanduka. Hakulia wala hakutaka kucheza. Chepkemei alisema, "Alikuwa ananenepa vizuri tu, halafu akakataa kula." Alimwachisha titi alipopata mimba nyingine, na tangu hapo mtoto alikula uji wa mahindi na ugali kwa mboga kidogo.

Sista, yule mzungu mkuu wa wodi, aliniambia nikoroge maziwa ya unga kwa maji yaliyochemka, nimpe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili. Mtoto akafunga meno. Ikabidi tumpitishie mpira mwembamba puani mpaka tumboni. Chepkemei akanishika mkono. "Si mtamtoboa kichwa?" Nikaketi, nikamwomba Sista anitie mpira mimi kwanza. Mama, unawasha, na machozi yalinitoka, lakini nilimeza ukashuka. Chepkemei alitazama mpaka ulipotolewa, ndipo akamlaza mtoto mwenyewe.

Siku ya nne tulimtoa Cheptoo mpira, akaanza kunywa kwa kijiko. Hapo ndipo nilipokosea. Alinyoosha mkono kutaka zaidi, nikamhurumia, nikampa kikombe kizima. Kabla ya jioni tumbo lilikuwa limevimba, anaharisha na kuhema kwa shida. Sista akauliza nani amempa. Nikasema ni mimi. Hakunigombeza. Alisema, "Mwili wake umezoea njaa, Wafula. Ukiutwika chakula kingi kwa mara moja, unashindwa." Tukarudi kwenye mpira. Nilimwambia Chepkemei ukweli. Siku mbili sikuweza kumtazama usoni.

Mtoto akapona polepole. Uvimbe ulipoisha alibaki mifupa, na mama yake akalia kwamba tumemmaliza. Nikamwambia, "Huu ndio mwili wake. Ule mwingine ulikuwa maji." Wiki iliyofuata Cheptoo alilia kwa sauti kwa sababu kikombe chake kilichelewa, wodi nzima tukacheka. Ameenda nyumbani juzi, anakula maharagwe yaliyopondwa pamoja na yai.

Mama, nimeandika haya yote kwa sababu ya mstari mmoja katika barua yako. Umesema binti yangu Nafula, tangu aletwe kwako mdogo wake alipozaliwa, amenenepa mashavu na miguu, ametulia, hasumbui mtu. Sikulaumu. Hata mimi kabla ya kazi hii ningefurahi. Lakini barua ikiisha kusomwa, mwite, umbonyeze juu ya mguu kwa kidole gumba, uhesabu mpaka tano, uachilie. Ngozi ikirudi, mpe maziwa, maharagwe na yai kila siku, hata kama wazee watasema yai si chakula cha msichana. Shimo likibaki, ni maji kama ya Cheptoo; usimshindilie chakula, na usingoje jibu langu. Panda naye basi la asubuhi mje Kitale.

Msalimu Baba, na ndugu yangu mkubwa na watu wa nyumba yake. Mke wangu mwambie asihofu wala asijilaumu, mtoto mchanga naye alihitaji titi. Mwalimu namshukuru kwa macho yake.

Nimemwomba Sista aniwekee kitanda kimoja karibu na dirisha. Ningependa sana kibaki kitupu.

Mimi mwanao,
Wafula