Mchi Begani mwa Salim

Jumanne, Malindi

...na bado nasema kinachomkosesha shabaha mume wangu si uoga, ni bega tu.

Salim wangu amerudi kutoka ranchi na alama ya zambarau begani, pana kama kiganja changu. Ile bunduki kubwa ya mitutu miwili, wanayoibeba wanaotembeza wageni kwa miguu penye nyati, inapiga teke kama punda. Alhamisi atapimwa shabaha. Akikosa, anarudishwa kulinda lango.

Nilimkanda kwa mafuta ya nazi, hina ya harusi ingali mikononi mwangu. Kisha nikampa mchi wa kinu. "Haya, ushike kama bunduki."

Akacheka. "Bi harusi, leo wanifunza kazi?"

Akaubana begani, mguu wa kushoto mbele, mwili kauinamisha kidogo. Nikausukuma kwa nguvu. Hakuyumba. Lakini macho aliyafumba kabla sijasukuma.

"Wafumba macho, Salim."

"Mimi? Thubutu!"

Mara ya pili nikajifanya nasukuma, nikaacha. Akafumba, na bega likaruka lenyewe. Hakucheka tena.

Tukarudia mpaka mikono ikaniuma. Mara nasukuma, mara nasimama tu nikiyatazama macho yale mazuri, hata yakabaki wazi.

Siku tisa za ndoa, na tayari nimemzoea hivi...

Sijui kama mchi unatosha. Teke la bunduki si kama msukumo wangu. Kesho alfajiri anaondoka. Apite au asipite, porini au langoni, kabla mwezi haujaisha nitakwenda kumwona, na chupa yangu ya mafuta.