Makori Hakuwa na Kipindupindu

Jumatatu, 3 Mei 1971

Nimekamua ng'ombe. Chai imepoa. Makori amenitukana kutoka kwake ng'ambo ya ua kabla jua halijatoka, kama kawaida. Eti kichwa changu kama boga lililosahauliwa shambani. Nimemwambia chake ni kibuyu, tena kitupu. Tulitahiriwa asubuhi moja, kisu kimoja. Kwetu waliotahiriwa pamoja hutaniana, hakuna tusi la kutuogopesha.

Soko limefungwa. Hakuna basi la Kisii. Askari wamelaza gogo barabarani kwa sababu ya kipindupindu. Vijana wetu wamekwama Kericho kwenye mashamba ya chai, hawaruhusiwi kurudi. Kwa hiyo kazi zao tunafanya sisi. Jirani wa huko chini kajikata mguu kwa shoka, mzee mzima anapasua kuni. Bibi mmoja kateleza na mtungi, nyonga imevunjika. Zamani walioumia ni vijana: pombe, baiskeli, malori. Sasa ni mvi tupu. Ugonjwa wenyewe haujafika hapa kwetu Gesima na tayari unatuvunja mifupa.

Jumanne, 4 Mei

Makori ameanguka.

Paa lake linavuja, wanawe wako Kericho. Akapanda mwenyewe. Mimi chini nampa nyasi. Nikamwambia, "Shuka, wewe si tumbili. Tumbili ana akili." Akacheka: "Nikishuka nakuchapa!" Mguu ukateleza. Kichwa kikapiga jiwe la kusagia.

Damu nyingi. Halafu kimya. Halafu kutapika.

Nilitaka omobari, yule fundi wetu anayefungua fuvu na kutoa damu iliyoganda. Kerubo mkewe ni Msabato hasa, hataki waganga. Akasema hospitali. Sawa. Lakini kwanza akamwosha damu yote, akamvalisha suti ya Sabato na kofia juu ya kidonda. Mtu haendi mjini mchafu, akasema. Hata mimi nikaona ni heshima. Wajinga sisi wote.

Jumatano, 5 Mei

Tulimbeba juu ya kitanda, mimi na majirani. Kwenye gogo akatapika tena, juu ya suti.

Askari akaruka nyuma. "Anatapika!"

"Ni kichwa, afande. Ameanguka kutoka paani."

"Mbona ni msafi hivyo?"

"Mkewe kamwosha."

"Mzee, usinidanganye. Kutapika ni kutapika. Apelekwe hema la kipindupindu."

Nikamvua Makori kofia ili aone. Askari hakusogea. Alisimama kule kule, fimbo mbele, kama mimi ni nyoka. Eti kama ameanguka, ameanguka kwa kuishiwa nguvu za kuhara. Hakuhara hata kidogo! Shenzi kabisa.

Hema liko uwanja wa shule karibu na gogo, wagonjwa wameletwa kutoka mbali. Nikamrudishia Makori kofia, wakamchukua, kamba ikafungwa, sisi tukabaki nje.

Alhamisi, 6 Mei

Naona miguu yake kutoka kwenye kamba. Dresa, yule msaidizi wa daktari, amemtundikia maji ya chumvi mkononi. Nimempigia kelele aangalie kichwa. Amesema ana wagonjwa wengi na yuko peke yake. Nilimwona macho, hajalala. Lakini kutazama kichwa ni kazi ya kuinua kofia tu!

Nikaenda kumleta omobari. Kaja na visu vyake kwenye mfuko, ananung'unika njia nzima juu ya magoti. Askari akasema hakuna waganga hapa. Tukakaa juu ya jiwe mpaka mvua ikatufukuza.

Nilimtukana askari yule. Matusi yote ya Makori nilimpa, hata yale mabaya ya jandoni. Akatazama chini. Makori angenirudishia mara mbili. Hiyo ndiyo iliniudhi kuliko yote.

Jumamosi, 8 Mei

Amekufa asubuhi. Wamemzika nyuma ya shule, na chokaa. Si nyumbani kwake. Kerubo hakuruhusiwa kumwona. Wanasema kipindupindu.

Uongo. Uongo. Kichwa kilipasuka.

Jumatatu, 10 Mei

Hakuna anayekwenda kwa Kerubo. Wale wale waliobeba kitanda wanapita mbali. Mmoja amechoma shati alilovaa siku ile. Nimemwuliza, wewe si ulimwona akiwa na damu? Akasema, "Serikali imesema, mzee." Nimemwambia achome na suruali, ina hofu nyingi.

Nimekula kwa Kerubo, mlangoni, watu waone. Ugali wake ulikuwa mbichi. Nimeumaliza.

Alhamisi, 13 Mei

Kwetu mume akifa, kijiti kinachosimama kileleni mwa paa hutolewa, ishara kwamba mwenye nyumba hayupo. Hakuna aliyekubali kugusa nyumba ile. Nimepanda mimi. Kerubo ameshika ngazi.

Nimekitoa. Halafu nikamalizia pale alipoachia Makori, nyasi zilikuwa bado zimekaa zikingoja. Nimefunga vibaya. Naona mwenyewe, zimeinama upande.

Nimekaa juu kidogo. Nimengoja mtu anitukane.