Mguu wa Fundi Saa

Jumapili, 4 Septemba 2022

Mapumziko. Joto la Monterrey halijui Jumapili. Nimefua, nimelala, nimeamka — mgongo bado ni wa Jumamosi.

Mchana mimi na Nabor, mwenzangu wa kazini, tumeangalia mieleka sebuleni kwa doña Otilia, mwenye nyumba wetu. Mkanda uleule wa video! Ndio pekee uliobaki, mingine imeota ukungu. Na huu nao deki imeutafuna mwanzo. Picha inapokuja, awamu ya kwanza imeshakwisha. Haidhuru. Mwaka 1992, ukumbi wa hapahapa mjini. Fundi Saa, barakoa nyeusi yenye uso wa saa, dhidi ya Melena Ochoa, nywele hadi kiunoni. Fundi akishindwa atavua barakoa na kutaja jina lake mbele ya watu. Melena akishindwa atanyolewa palepale ulingoni.

Fundi anaburuta mguu wa kushoto kama mtu anayevuta gunia. Hasemi neno. Halafu anajigonga kifundo cha mkono kwa vidole viwili — ti, ta — ukumbi mzima unahesabu naye, na Melena anajua yamemfika. Mashine ya kunyolea ikiwashwa Nabor hulia. Husema ni kitunguu. Kitunguu kiko jikoni kwa doña Otilia, ambaye haangalii kamwe. Mkanda ukianza tu, yeye anakwenda kukaanga kitu.

Nikamuuliza Nabor, siku hizi Fundi yuko wapi? Akasema, Fundi hafi, Jarocho, barakoa haizeeki.

Jarocho! Hilo ni jina la watu wa pwani ya Veracruz. Mimi ni wa milimani, Zongolica, bahari nimeiona mara moja na sikuipenda. Lakini kwa hawa wa kaskazini, kusini yote ni kijiji kimoja.

Jumatano, 7 Septemba

Leo siamini ninachoandika.

Nimerudi kazini, zege mpaka kwenye nyusi. Doña Otilia akaniita chumbani kwake. "Eleuterio, mwanangu, oga kwanza, halafu uvae hii." Koti la marehemu mumewe, don Fidencio, aliyefariki mwaka jana. Mtaa mzima ulimjua — alikuwa na duka la misumari na makomeo pale kona. Nikavaa. Likanikaa kama nimeshonewa. Akanizunguka pole pole, kama mtu anayenunua nyumbu.

Kisha akatoa bati la unga juu ya kabati. Ndani hakuna unga. Barakoa nyeusi, uso wa saa.

Nikakaa kitandani bila kuambiwa.

Akasema hata binti yake aliambiwa siku ya kuolewa tu. Mumewe hakuvuliwa barakoa na mtu yeyote, na mwenye barakoa asiyevuliwa hafi hadharani. Alizikwa kama muuza misumari. Nyuma ya picha ya Bikira kuna sanduku la kioo lenye msuko mrefu wa nywele. Siku zote nilidhani ni nadhiri ya mtu. Ni nywele za Melena! Mshindi huondoka nazo.

Don Fidencio alipokuwa anakata roho alimwambia mkewe hivi: Mrudishie Ochoa nywele zake. Zilichukuliwa ulingoni, zirudi ulingoni, kwa mkono wa Fundi.

Sasa Melena anaumwa mapafu, na ukumbini wanaandaa siku ya wakongwe, tarehe 16 Oktoba. Wamewaalika wote wawili. Barua ya Fundi huenda kwenye sanduku la posta, na hakuna anayejua kwamba anayeifungua ni mjane.

Nikasema, "Mama, mimi ni kibarua wa zege."

"Na yeye aliuza misumari."

"Sijui kupigana."

"Nani kakwambia upigane? Unatoka nyuma ya pazia, unatembea hadi ulingoni, unapanda, unampa, unashuka. Kutembea tu."

Nimekubali. Januari nilipokuwa na homa, yeye ndiye alinipangusa uso kwa kitambaa. Tangu nitoke kwa mama yangu hakuna aliyenigusa uso. Basi nimekubali.

Nabor asijue. Nabor akijua, hata wauza magazeti watajua.

Jumatatu, 12 Septemba

Kutembea tu — eti tu! Watu wa ukumbini wameangalia mechi ile mara ngapi? Nikitembea kama Eleuterio watanitupia bia.

Kwa hiyo najifunza. Jana nimeangalia mkanda nikiwa nimesimama. Kifua mbele. Shingo haigeuki, anageuka mwili mzima. Mguu wa kushoto unaburutwa, kisha bega la kulia linashuka kidogo kufidia. Hapo ndipo penyewe. Ukimaliza mguu huo umemaliza kumjua mtu.

Leo nimeujaribu kazini nikiwa na mfuko wa saruji begani. Nyapara akauliza kama nina mwiba. Nabor akapaza sauti toka juu ya jukwaa: "Jarocho! Umekanyaga msumari au mke wa mtu?" Wote wakacheka. Nikacheka nao. Nikaendelea kuburuta.

Jumapili, 25 Septemba

Nabor kaenda kwa mchumba. Nimeangalia peke yangu, mara mbili.

Ukiangalia kitu kimoja mara nyingi kinabadilika. Zamani nilimtazama Fundi. Leo nimemtazama Melena anaponyolewa. Amekaa kwenye kiti cha mbao katikati ya ulingo, mikono juu ya magoti kama mtoto anayepigwa picha ya shule. Watu wanamtukana, wanarusha vikombe. Yeye hatazami watu. Hatazami hata nywele zinapoanguka. Anatazama miguu ya Fundi. Kwa nini?

Nimempigia mama. Kahawa imeanza kuiva, na wachumaji hawapo, wote wamekuja huku kama mimi. Akauliza, mzima? Nikasema mzima. Huku wanakunywa kahawa ya unga wa chupa, na chapati zao za ngano hazina harufu ya mahindi. Sikumwambia hayo.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nyonga ya kushoto inauma. Naburuta mguu hata nikienda chooni. Doña Otilia kaniona nikipita uani, akanichemshia maji ya chumvi. Anadhani ni uchovu wa saruji. Nimemwacha adhani hivyo. Nataka siku yenyewe ashtuke! Aone mumewe anatembea.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimeharibu kitu na sijui namna ya kukitengeneza. Niandike taratibu.

Mchana wakongwe wote tuliitwa ukumbini kuonyeshwa ngazi, mtu asije akaanguka kesho. Barakoa nimeivaa ndani ya teksi. Dereva akanitazama kwenye kioo akasema, "Heshima yako, Fundi," na hakusema kingine mpaka tukafika. Huku mtu mwenye barakoa haulizwi.

Nikaonyeshwa chumba cha kuvalia, nikatembea kwa mguu ule. Vizuri! Wafagiaji walisimamisha mifagio. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba ni yeye, tazama mguu.

Ndani kulikuwa na mzee mmoja kwenye benchi, kipara, shati jeupe limepigwa pasi, anapumua kama anayepanda mlima. Melena. Sikumtambua mpaka alipoweka mikono juu ya magoti.

Akanitazama nikiingia. Si uso, mguu. Nikavuka chumba kizima na macho yake chini. Kisha akasema, polepole sana:

"Bado, Fundi?"

Fundi hasemi. Nilishukuru kwamba hasemi.

"Waliniambia umepona. Waliniambia Krismasi ileile unakimbia. Kumbe walikuwa wananihurumia."

Akainuka. Nikadhani anataka kunikumbatia. Akapiga magoti! Mzee wa mapafu mabovu, kwenye sakafu ya saruji, na kiganja chake kikashika goti langu la kushoto. Goti langu, la Eleuterio, halina kitu.

Akasema yote akiwa pale chini. Kwamba kushindwa walikubaliana, kama kawaida. Kwamba nywele zile mkewe alikuwa akizisuka kila Jumapili, na mkewe alikuwa amefariki mwaka uleule, na yeye akaenda ulingoni akiwa na hasira ya kumpoteza mke na sasa kupoteza msuko wake. Kwamba awamu ya kwanza alichukua kiti cha chuma akampiga Fundi kwenye goti — kweli, kwa nguvu zake zote — akasikia linalia.

"Mtu hupoteza nywele kwa makubaliano," akasema. "Goti halikuwa kwenye makubaliano. Na wewe ukanyamaza, ukamaliza mechi kwa mguu mmoja, hukunishtaki kwa mtu. Ndio maana sikuja kwako miaka yote hii. Nilisema, nikimwona anachechemea nitakufa."

Awamu ya kwanza! Ile iliyotafunwa na deki! Mguu ule haukuwa mwendo wa Fundi. Ulikuwa jeraha la siku moja, na mimi nimelibeba mwezi mzima kama mtu anayeokota fimbo ya mgonjwa akadhani ni ya mfalme.

Nilitaka kusema, "Mzee, inuka, umepona zamani." Kwa sauti gani? Kwa lafudhi ya Zongolica? Nikafanya kitu pekee cha Fundi ninachokijua. Nikajigonga kifundo cha mkono, vidole viwili.

Melena akalia. "Kweli," akasema. "Muda umepita sana." Nikamshika kwapani nikamwinua. Mwepesi. Mfuko mmoja wa saruji unamzidi.

Nyumbani nikamweleza doña Otilia yote, bado sijavua koti. Kwanza akacheka. "Kumbe ndio huo uliokuwa ukiburuta uani! Na mimi napoteza chumvi yangu!" Kisha akakaa, akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Lilipona, mwanangu. Miezi miwili, likapona. Kwenye harusi ya binti yetu Amparo alicheza mpaka soli ya kiatu ikang'oka. Hakumchukia Ochoa hata siku moja. Alikuwa akisema, maskini yule, alikuwa anamlilia mkewe kwa kiti."

"Sasa nifanyeje? Nikimburutia mguu kesho, anaondoka na mzigo wake hadi kaburini. Nikitembea sawasawa, atajua mimi si yeye. Goti haliponi usiku mmoja."

"Ulingoni linapona. Nimeona watu waliokufa kwenye awamu ya pili wakafufuka awamu ya tatu."

"Mama, sifanyi mzaha."

"Wala mimi." Akanivua koti, akalitundika. "Nenda ukamwambie jina la Fidencio, umevunja agizo lake. Nenda ukachechemee, umevunja moyo wa yule mzee. Mimi nilikuwa jikoni miaka yote, sikuwahi kuangalia hata mechi moja. Nilikuwa naogopa. Sasa barakoa iko kichwani mwako, si kwangu."

Akaniwekea nyama kavu na mayai. Nimekula nusu.

Jumapili, 16 Oktoba

Naandika kwenye chumba cha kuvalia, daftari limelazwa juu ya sanduku la kioo. Barakoa ina joto. Jasho linaingia machoni, mistari inapinda.

Doña Otilia yuko ukumbini. Kaja! Kavaa nguo ya kanisani, kakaa safu ya tatu, karibu na Nabor, ambaye hajui lolote na anamweleza mieleka ni nini. Nimewachungulia. Nabor anarusha mikono, yeye anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Asubuhi nimefanya mazoezi ya kutembea sawa. Hatua chache tu, kati ya kitanda na mlango. Mungu wangu! Nyonga imezoea uongo. Nikinyoosha mguu kuna kisu humo ndani. Nikiburuta, raha tupu. Nilijifunza kuchechemea nikiwa mzima, na sasa nachechemea kweli.

Nimefikiria sana. Akijua mimi si yeye, ajue. Hatasema. Yeye ni mtu wa ulingo, anajua kilicho chini ya barakoa hakiulizwi. Lakini goti hilo ni la Fundi, na Fundi alipona. Hilo ndilo neno pekee ambalo marehemu angemwambia, na mdomo wake ni miguu yangu.

Basi ni sawasawa. Mpaka ulingoni, ngazi zote, hadi kwenye kiti chake.

Wamemwita Melena. Watu wamesimama wote, wanaimba jina lake — wajukuu wa walewale waliomrushia vikombe. Nimefungua pazia kidogo. Wamemwekea kiti cha mbao katikati, kama siku ile. Amekaa, mikono juu ya magoti. Taa zote ziko kwenye kipara chake.

Mtangazaji ameanza kuhesabu, ti, ta, na ukumbi unaitikia. Ni mimi. Daftari nitaliacha hapa kwenye benchi, sanduku nitalichukua.

Yule mzee hatazami watu. Hatazami juu, mahali barakoa itakapotokea. Anatazama chini, kwenye upindo wa pazia, na pazia limeshaanza kufunguliwa. Haya, mguu, simama —