Kabula Alimwambia Daktari Kabla Yangu

Jumamosi, Bariadi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na matope yamefika mlangoni. Sijafungua duka. Moyo umetulia leo, kwa hiyo naandika.

Kabula ni binti yangu, ana miaka kumi na mmoja. Mwaka jana alitokwa na vidoa vyekundu miguuni, vidogo kama punje za uwele. Jioni magoti yalimuuma. Nikasema ni joto, halafu nikasema ni viatu. Mama mkwe akaja kutoka Malampaka na dawa ya majani, akasema mtoto katupiwa jicho baya. Tukamwogesha. Vidoa vikabaki.

Nakiri, nilipoteza miezi.

Hospitalini kipimo cha damu kikaonyesha homa ya ini aina ya C. Nikamuuliza daktari, dada mmoja mpole, kama ugonjwa ni wa ini, miguu imeingiaje? Akanieleza kwamba kirusi hicho hukaa kwenye ini, lakini kinaweza kuuchanganya ulinzi wa mwili mpaka ukaanza kuumiza mwili wenyewe: mishipa midogo ya damu, viungo, figo, hata tezi ya shingoni. Kwa watoto si mara nyingi, ila hutokea. Akauliza kama kuna dalili nyingine.

Nikasema hakuna.

"Ipo," Kabula akasema. "Mkojo wangu una povu, na asubuhi macho yanavimba. Sikumwambia mayu kwa sababu atalia."

Mayu ndiye mimi, mama yake. Sikulia pale. Nililia chooni.

Mkojo ulikutwa na protini nyingi, figo zimeguswa. Wiki hiyohiyo tukapewa rufaa ya Mwanza, na huko wakasema tungechelewa zaidi zingeharibika. Mtoto alinificha ili asiniumize, lakini ilipofika zamu ya kusema ukweli, alisema yeye, tena mbele ya mtu mgeni. Mimi katika umri wake nisingethubutu.

Kisha wakanipima na mimi. Kirusi hicho ninacho. Inaelekea alikipata kwangu alipozaliwa.

Siku tatu nilizunguka na neno hilo kifuani. Nilimwambia tukiwa tunachambua mchele. Vidole vyake vikasimama.

"Kwa hiyo na wewe unaumwa, mayu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi tunywe dawa pamoja. Nitakuwa nakukumbusha."

Na kweli alinikumbusha. Wiki kumi na mbili, kidonge kimoja kila asubuhi baada ya uji, na hakuna siku niliyomtangulia. Zikapita wiki nyingine za kusubiri, tukapimwa tena.

Jana tumepata majibu. Kirusi hakionekani, kwake wala kwangu. Vidoa vimekwisha. Protini imepungua ila haijaisha, na tezi yake ya shingoni itaendelea kuangaliwa kwa tahadhari, kwa hiyo kliniki bado tunayo. Kabula aliisoma karatasi mara mbili, akauliza swali moja tu: anaruhusiwa kucheza netiboli? Anaruhusiwa.

Bado namkagua miguu kila asubuhi, kwa kujificha, kama mwizi. Leo amenishtukia. Akaniambia, "Mayu, niulize tu. Nitakwambia."

Kuanzia kesho nitamuuliza. Na nitajikaza nisikilize mpaka amalize.