Baba Neema Aliiunga Dairekti

Alhamisi, jioni. Wingu zito limekaa upande wa ziwa tangu asubuhi, halitaki kunyesha wala kuondoka, na joto la Nyakato limenikalia kichwani. Naandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kushoto, kwa hiyo mkiona makosa mnisamehe. Mkono wa kulia umefungwa bendeji kuanzia kwenye vidole hadi karibu na kiwiko.

Sina raha. Nimekaa hapa kitandani tangu mchana nikitafuta njia ya kutoka, na kila ninayoishika inanirudisha palepale.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza, mimi ni fundi wa kuchomelea. Nafanya alumini na chuma kisichoshika kutu, kwa mashine ya TIG, ile ya gesi ya argoni na sindano inayotoa moto mdogo, mkali. Mkononi unashika tochi, si ya kumulika, ni ile inayobeba moto wenyewe. Kwa kazi nyembamba tochi inayopozwa na hewa inatosha. Kwa alumini nene, ukifungulia ampea nyingi, tochi hiyo inageuka pasi mkononi mwako. Hapo unahitaji tochi ya maji: pampu inasukuma maji kwenye mpira mwembamba hadi kwenye kichwa cha tochi, yanachukua joto, yanarudi kwenye tangi.

Watu wengi hawajui kwamba waya wa umeme wa tochi hiyo unapita ndani ya mpira uleule ambao maji yanarudi nao. Waya ni mwembamba kwa makusudi, ili tochi iwe nyepesi. Maji ndiyo yanayoufanya ustahimili. Maji yakisimama, waya unaiva, mpira unapasuka, na wewe umeushika.

Leo nilikuwa nimeushika.

Kazi yenyewe ni boti ya alumini ya Mzee Magesa, inayoleta watu na mizigo mjini kutoka kisiwani kwao. Imepasuka tumboni, ufa mrefu kuliko mkono wangu. Waliivuta ufukweni, kwenye uwanja wa mafundi wa boti ambako umeme upo, nasi tukapeleka mashine na pampu kwa kigari cha kirikuu. Nusu ya ufa imekwisha, nusu bado. Wakati huu wote kisiwani wanabebana kwa mtumbwi wa mbao unaovuja, wagonjwa na wajawazito wakiwa humohumo. Hilo nalijua, hakuna haja ya mtu kunikumbusha.

Tangi la pampu naliwekea maji ya betri, yale ya chupa yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Hayana chumvi, hayana uchafu, hayapitishi umeme hovyo. Kabla ya kuwasha moto nafungua kifuniko na kuangalia maji yanayorudi kama yanaanguka vizuri. Napapasa mpira wote kutafuta unyevu, nakaza maungio. Nikimaliza naiacha pampu izungushe maji mpaka tochi ipoe kabisa. Mafundi wenzangu hunicheka, wanasema namwogesha mtoto.

Wiki iliyopita maji yalipungua kwenye tangi, na ziwa liko hatua chache tu. Baba Neema, mume wangu, akachukua ndoo, akachota, akajaza. Mimi nilikuwa nimelala chini ya boti, sikuona. Maji ya ziwa ukiyatazama kwenye ndoo hayana neno. Lakini yana mchanga laini na ule ujani, na ukiyazungusha kwenye joto siku kadhaa, chujio linavaa tope la kijani.

Pampu ina sensa. Maji yakipunguza mwendo, sensa inakata moto. Jumatatu ikaanza: nachomelea kidogo, inakata. Nachomelea tena, inakata. Niliitukana ile mashine mbele ya watu wazima. Nikasema nitaifungua niisafishe, halafu nikashikwa na mambo mengine.

Jumanne ikatulia kabisa. Baba Neema akaniambia ameirekebisha. Sikuuliza amerekebisha nini. Nilimwambia, "Asante, umeniokoa," na nikamsifu hadi kwa mama wa jirani.

Leo asubuhi mpini wa tochi ulipata moto, nikadhani ni jua. Kisha alumini ikaanza kuchafuka pale inapoyeyuka, madoa meusi na vitundu, nikajua kuna unyevu unaoingia. Nilikuwa nainua mguu kutoka kwenye pedeli ya kuwashia moto mpira ulipopasuka. Maji ya moto yakamwagika ndani ya glavu, na kwa kuwa glavu ilikwisha kulowa, umeme ukanipiga hadi begani.

Nilijikuta mchangani. Mafundi wa boti ndio waliokimbilia swichi kubwa. Baba Neema alikuwa ananiita kwa jina langu mwenyewe, jina ambalo hajalitumia tangu Neema azaliwe.

Nesi wa zahanati amesema kuungua kumeingia ndani kidogo karibu na kifundo cha mkono. Vidole viwili navigusa kama vya mtu mwingine. Amesema tusubiri tuone. Nimemuuliza tusubiri mpaka lini, akaendelea kufunga bendeji.

Tuliporudi ufukweni kuchukua vifaa, Baba Neema alikwenda kununua dawa, mimi nikafungua kifuniko cha pampu kwa mkono wa kushoto. Nikaona waya mwekundu, mfupi, umetoka upande mmoja wa sensa umeingia upande wa pili. Ameiunga dairekti. Sensa ipo, lakini hata maji yakisimama haiwezi tena kukata chochote. Waya umekunjwa kwa pembe, ncha zimechomewa risasi ya kuungia waya, tepu imezungushwa bila kasoro. Ni kazi safi. Sijui mtu mwingine anayefunga tepu hivyo.

Aliporudi nilimwonyesha tu. Hakukana.

"Ilikuwa inakusumbua, Mama Neema. Nilitaka ufanye kazi kwa amani."

Angekuwa mkorofi ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningekwenda kwa mama yangu kule Bujora nikakae huko na Neema mpaka aje kuomba radhi. Lakini mtu aliyekuumiza kwa kukuhurumia unamfanya nini?

Niseme na jambo hili, maana bila hilo hamtanielewa. Baba Neema alikuwa fundi umeme kiwandani, hapahapa Nyakato. Kiwanda kilipopunguza watu akakaa nyumbani, ananyoa ndevu kila asubuhi kama anayekwenda kazini, kisha anakaa. Alikuwa anakula kidogo ili tusione anakula. Mimi ndiye niliyemwambia njoo kwenye karakana yangu, nahitaji mtu wa umeme. Tangu aje, amenenepa, anataniana na wateja, anabishana nami kuhusu mpira wa miguu. Nilimpata tena mume wangu kwenye ile karakana.

Mchana Mzee Magesa alikuja nyumbani. Nilimwamkia nikiwa nimekaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mkono kwanza. Boti ni bati tu."

Alisema hivyo kwa roho safi, nami nikalia kidogo. Lakini alipomaliza chai alimgeukia mume wangu. "Wewe si fundi? Nimekuona umeishika hiyo tochi. Malizia wewe."

"Kesho namaliza, mzee," Baba Neema alijibu. Hakuniangalia. Alikaa wima kwenye kiti, mabega nyuma, na mimi nikanyamaza. Ningemwaibishaje mume wangu mbele ya mgeni, mtu mzima, ndani ya nyumba yake?

Nilinyamaza, na sasa imekuwa ahadi.

Anajua kuchomelea kidogo, vipande vya majaribio, mezani, akiwa amekaa. Chini ya boti ni kitu kingine: umelala chali, mchanga wenye maji uko mgongoni, jasho linalowesha glavu. Na ufa ule, akiufunga juu juu, utafumuka katikati ya ziwa watu wakiwa ndani.

Tangu mgeni aondoke yuko uani. Amekata kipande cha mpira kilichoungua na kuunga kilichobaki kwa klipu. Amesafisha chujio na kumwaga maji ya ziwa, amenunua ya betri, chupa mpya. Nikamwomba dirishani autoe na ule waya mwekundu.

"Nitautoa tukishamaliza boti," alisema. "Tukiutoa sasa itaanza kukatakata."

Nimeishiwa nguvu. Nilimweleza tena kwamba mpira ukishaungua sehemu moja, waya wa ndani umekwisha kuchoka sehemu nyingine, kwamba tochi hii ni ya kutupa, si ya kuunga. Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akasema nipumzike, nisiwaze kazi, safari hii aniwazie yeye.

Kwa hiyo nimempigia Mzee Magesa. Nimezungumza kwa sauti ya chini, mlango nimeufunga.

"Kesho hakuna kazi, mzee. Tafuta fundi mwingine amalizie."

"Mumeo amesema anaweza."

"Mimi nasema hawezi."

"Yeye anajua unanipigia?"

"Bado."

"Basi mwambie leo," alisema. "Asije akalisikia kwangu."

Amesema kweli. Na si suala la kesho tu. Kesho ningeweza kudanganya, ningesema mkono unaniuma anipeleke hospitali, na siku ikapita. Lakini baada ya kesho kuna kazi nyingine, na mimi sitaweza tena kushika tochi aliyoiandaa yeye. Hata vidole vikirudi. Nitakuwa nafungua kila kifuniko nyuma yake, na yeye ataniona nikifungua. Najua atarudia, si kwa ubishi, ila kwa sababu hawezi kuniona nikisumbuka akaacha mikono yake ikae. Lazima nimwambie asikanyage tena karakana, na lazima iwe leo.

Sasa hivi ananiita. Amenichotea maji ya kuoga, ameyapooza, anasema atanisaidia kuvua nguo maana mkono mmoja hautoshi.

Nitatumia maneno gani kumtoa karakana, asisikie kwamba namtoa nyumbani?